Kabla hujaipandisha sabufa, ihamishe

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa watu wenye mfumo wa muziki nyumbani ni mawili, na huja pamoja: besi inavuma mpaka madirisha yanatetemeka, na maneno ya kwenye filamu hayasikiki. Mtu anapandisha sauti ili asikie maneno, besi inazidi. Anashusha besi, muziki unakuwa mwembamba, hauna mwili. Baada ya kuhangaika hivyo kwa muda anaanza kuulizia sabufa kubwa zaidi.

Huwa namwomba asubiri kwanza. Katika kupanga spika zangu na za ndugu na marafiki, sabufa iliyokuwapo karibu kila mara imetosha. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka, mpaka kati yake na spika nyingine, na kupatanisha muda wake na wa hizo spika. Vitu hivyo vitatu havinunuliwi dukani. Vinahitaji mchana mmoja, mtu wa kukusaidia, na masikio yenye subira.

Tuanze na kazi yenyewe. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hivi, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000. Sabufa hupewa kipande cha chini kabisa, kwa kawaida hezi 20 mpaka 80, au mpaka 120 kama spika nyingine ni ndogo. Ni kipande chembamba kwa hesabu, lakini ndimo uzito wa muziki ulimo. Uzi mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa hezi 41. Kitufe cha kwanza kushoto mwa piano ni hezi 27.5. Sauti ya mwanaume anapoongea huanzia karibu hezi 85 na kupanda. Namba hiyo ya mwisho ishike vizuri. Ukiiruhusu sabufa ifike hezi 150 au 200, sehemu ya sauti ya msomaji wa habari inaanza kutoka kwenye boksi lililo sakafuni wakati sura yake iko kwenye televisheni. Anakuwa na kifua kizito kisicho chake, na maneno yanazama humo.

Kipimo changu ni kimoja. Sabufa ikiwa imepangwa sawasawa, unasikia gitaa la besi likitoka pale anapoonekana kusimama mpigaji, kati ya spika mbili za mbele. Ukifumba macho na ukaweza kuonyesha kwa kidole sabufa ilipo, bado kuna kazi.

Ile .1 ina maana gani

Mfumo wa filamu wenye spika tano na sabufa huitwa 5.1, na watu wengi huamini kwamba ile .1 ndiyo besi yote. Sivyo ilivyo. Kila moja ya zile chaneli tano kubwa, yaani kushoto, kati, kulia na mbili za pembeni, ina besi yake kamili. Ile .1 ni chaneli ya ziada, inayoitwa LFE, iliyowekwa kwa ajili ya vishindo vya filamu: milipuko, radi, jengo linaloporomoka. Inaishia hezi 120, na imepangwa ipigwe desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 juu ya chaneli nyingine ili iwe na nafasi ya kupiga kishindo kikubwa. Muziki wa kawaida wa chaneli mbili hauna LFE kabisa.

Kwa hiyo risiva, yaani amplifaya inayopokea sauti ya filamu na kuigawa kwa spika zote, inafanya kazi mbili. Inapeleka LFE kwenye sabufa, halafu inachota besi ya zile chaneli nyingine ambazo spika zake hazimudu, inaichanganya humo humo. Kazi ya pili ndiyo inayofanyika muda wote, wimbo baada ya wimbo, na ndiyo watu wanayoiacha bila kuipanga.

Jambo hili linaeleza pia kwa nini mtu aliyeunganisha televisheni na redio ya 2.1 kwa waya wa chaneli mbili hasikii kishindo kilichomtisha kule sinema. Sauti ya chaneli sita inapofinywa kuwa mbili, LFE mara nyingi huachwa nje. Sabufa yake haina kasoro. Inapiga besi iliyobaki kwenye kushoto na kulia, basi. Kuipandisha hakutarudisha kitu ambacho hakikutumwa.

Sasa menyu ya risiva itakuuliza kama kila spika ni ndogo au kubwa. Hapa mtu hutazama spika zake za kusimama, zinazomfika kiunoni, akajibu bila kusita kwamba ni kubwa. Risiva haina habari na urefu wa boksi. Inachotaka kujua ni kama besi ya chaneli hiyo iende kwenye sabufa au ibaki hapo hapo. Mimi hujibu ndogo, karibu kila mara, hata kwa spika za kusimama. Ukishuka masafa, yaani ile hesabu ya hezi, kwa nusu, koni (ule uso wa spika unaotetemeka) inalazimika kusafiri mara nne zaidi ili itoe sauti ya nguvu ile ile. Ukiiondolea spika ya mbele mzigo huo, koni yake inatulia, sauti ya mwimbaji inasafika, na amplifaya inapumua. Halafu kuna sababu ambayo kwangu ina uzito zaidi: mahali panapofaa kwa spika za mbele, ili sauti ikae katikati vizuri, ni nadra kuwa ndipo panapofaa kwa besi. Sabufa unaweza kuihamisha. Spika za mbele haziwezi kukaa nyuma ya mlango.

Kwenye menyu nyingi kuna chaguo jingine linalopeleka besi ya spika za mbele kote kuwili, kwenye spika zenyewe na kwenye sabufa. Linavutia kwa sababu dakika ya kwanza unasikia besi nyingi zaidi. Mimi nalizima. Noti ile ile inatoka sehemu tatu za chumba kwa wakati mmoja, baadhi zinaongezeana na baadhi zinauana, na kila unachorekebisha baadaye kinavurugika.

Krosova

Krosova ni ule mpaka ambapo spika huachia na sabufa hupokea. Hezi 80 ndiyo namba iliyozoeleka, na ndiyo THX, watu wa viwango vya sauti za sinema, waliyoichagua kwa mifumo ya nyumbani. Chini ya hapo sikio linapata shida kujua sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa inaweza kukaa popote bila kujitangaza.

Lakini usiiweke 80 kwa sababu umesoma mahali kwamba ni 80. Tazama spika zako. Vile vispika vidogo vinavyokuja na seti, vyenye koni ya sentimita 7 au 8, havifiki 80. Vinakata roho karibu na 120, wakati mwingine juu zaidi. Ukiweka krosova 80 hapo, kati ya 80 na 120 hakuna anayepiga. Sabufa imekwisha kuacha, spika haijaanza. Ngoma inakuwa na kishindo cha chini na kelele ya juu, lakini haina kiwiliwili, na sauti za wanaume zinakuwa kavu. Kwa spika za namna hiyo nenda 120, au hata 150, kisha iweke sabufa mbele karibu na televisheni, maana sasa inabeba masafa ambayo sikio linatambua yanakotoka. Kwa spika zenye koni ya sentimita 13 au zaidi, tafuta kwenye kijitabu chake kikomo cha chini, kisha uweke krosova juu ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Spika inayosemwa inafika hezi 55, mimi naipa krosova ya 80 au 90. Kikomo kilichochapwa ni pale inapokaribia kuchoka, na huwezi kuipa mtu mzigo wa mwisho wa uwezo wake kila siku.

Halafu geuka nyuma ya sabufa. Pale pana kitufe cha kuzungusha chenye krosova yake yenyewe, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Kama risiva tayari inakata kwenye 80 na kitufe hiki nacho kimeachwa kwenye 80, besi inachujwa mara mbili, na karibu na ule mpaka inazama. Kizungushe mpaka mwisho, au tumia tundu lililoandikwa LFE ambalo kwa sabufa nyingi linaruka kichujio cha ndani. Kitufe hicho kina kazi pale tu ambapo huna risiva yenye menyu, yaani amplifaya ya kawaida na spika mbili.

Chumba ndicho kinachoamua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mengine yote hayafui dafu kama hapa pamekosewa.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 3,000 lina urefu wa sentimita 11, linapita chumbani kwako bila kujua kuta ziko wapi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu. Halienei ndani ya chumba. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake linalokuja, na mahali yanapokutana ama yanajumlishana ama yanafutana. Chumba chenye urefu wa mita 5 hunguruma chenyewe kwenye hezi 34. Upana wa mita 4 hunguruma kwenye 43. Dari la mita 2.7, karibu na 64. Hizo ni noti za chumba chako, zilikuwepo kabla hujanunua chochote, na kila wimbo unaozigusa utazivimbisha. Chukua futi kamba, pima, gawa 343 kwa urefu mara mbili, utazijua za kwako.

Sauti hiyo ya chumba huwa kubwa zaidi ukutani na hufifia kabisa katikati. Kwa hiyo aliyeweka kochi lake katikati kamili ya chumba anakosa ile noti ya chini, na aliyeligandamiza kochi kwenye ukuta wa nyuma anaipata kupita kiasi. Kama una uhuru wa kusogeza kochi, livute mbele kidogo kutoka ukutani, au lirudishe nyuma kidogo kutoka katikati. Sentimita 40 zinaweza kufanya kile ambacho vitufe vyote vya risiva havitafanya.

Nyumbani kwa shemeji yangu sabufa ilikuwa kwenye kona, nyuma ya televisheni, mahali ambapo karibu kila mtu huiweka kwa sababu haionekani. Tukapiga wimbo ambao gitaa la besi linapanda noti moja moja, taratibu. Ukiwa umekaa kwenye kochi, noti mbili za kwanza zilinguruma mpaka glasi kabatini zikalia, ya tatu ikapotea kama haikupigwa, ya nne ikarudi ikiwa ya kawaida. Nikamwambia, "Shemeji, baki hapo hapo, inama mbele kama unafunga kamba za viatu." Akainama. Ile noti ya tatu ikamjaa masikioni. "Kumbe ipo!" akasema, akawa anainuka na kuinama akiisikiliza inavyokuja na kuondoka.

Tukafanya ninachokifanya kila mahali. Tuliondoa mto wa kochi pale anapokaa yeye, tukaipandisha sabufa hapo hapo, waya wake ukiwa umevutwa mpaka kati ya chumba. Wimbo ule ule ukarudiwa. Kisha tukaenda kwa magoti kandokando ya kuta, sikio likiwa karibu na sakafu, kimo ambacho koni ya sabufa ingekuwa. Sehemu moja noti zilivimba, hatua mbili mbele zikakonda. Kupita kizingiti cha mlango kidogo, zote nne zikasikika kwa nguvu moja, kavu, kila moja ikianza na kuisha kwa wakati wake. Pale ndipo sabufa ikaenda kukaa, baada ya kuhakikisha mlango unafunguka. Hatukugusa sauti yake. Usiku ule alinipigia kuuliza kama nilikuwa nimeshusha besi, kwa sababu glasi zilikuwa kimya, ilhali muziki ulikuwa umejaa kuliko mwanzo.

Kwa nini njia hii inafanya kazi? Kwa sababu chumba hakijali nani ni spika na nani ni sikio. Njia ya sauti kutoka kochini mpaka ukutani ni ile ile kutoka ukutani mpaka kochini. Ukibadilishana nafasi, unasikia leo kile utakachokisikia baada ya kuihamisha.

Kona si adui siku zote. Kuta zikiwa karibu hurudisha nguvu, kwa hiyo sabufa ndogo ikiwekwa konani hupiga kwa sauti kubwa zaidi bila kuchoka. Tatizo ni kwamba kona huamsha noti zote za chumba kwa pamoja. Kama sabufa ni ndogo na chumba ni kikubwa, kona inaweza kuwa jibu. Kama unachosikia ni mngurumo usioisha, itoe hapo kabla ya kufanya lolote.

Wakati na fezi

Sabufa ikishakaa, inabidi ikubaliane na spika za mbele. Zote mbili zinapiga zile noti za mpakani, na zikifika sikioni kwa kupishana zinafutana. Kwenye hezi 80 nusu ya wimbi ni mita 2 na sentimita 14. Tofauti ya umbali kiasi hicho inatosha kugeuza kusukuma kuwa kuvuta.

Kupatana huko kwa kusukuma na kuvuta ndiko kunakoitwa fezi, na swichi ya 0 na 180 nyuma ya sabufa ndiyo njia ya haraka ya kuirekebisha. Kaa mahali pako, piga muziki wenye besi inayotembea karibu na krosova, na mtu mwingine aibadilishe swichi bila kukuambia iko wapi. Upande wenye besi iliyojaa zaidi, hasa pale ngoma inapokutana na gitaa, ndio sahihi. Huna haja ya kujua ni namba ipi.

Kisha kuna umbali kwenye menyu. Hapa nataka kuitetea risiva mbele ya wale wanaoona imeweka umbali wa ajabu. Umepima kwa futi, sabufa iko mita 3 kutoka kwako, lakini baada ya kujipima yenyewe kwa maiki, risiva inasema mita 4 na nusu. Iache. Ndani ya sabufa kuna vichujio vinavyochelewesha sauti, na sauti husafiri sentimita 34 kwa kila milisekunde moja. Risiva imehesabu ucheleweshaji huo kama umbali, kwa hiyo ile namba ya ajabu ndiyo ya kweli kwa masikio yako. Wengi huirekebisha kwa futi kamba na kuharibu kitu pekee ambacho mashine ilikipata sawasawa.

Na kwa kuwa nimeitaja maiki ya kupimia: iweke kwenye kigoda cha miguu mitatu, kimo cha masikio, si juu ya mto wala mkononi. Zima feni, zima chochote kinachovuma. Mahali pa kwanza pa kupimia pawe pale unapokaa wewe, maana kwa mifumo ya risiva ya kujipima kama Audyssey hapo ndipo umbali na viwango hupatikana. Ikimaliza, rudi kwenye menyu ukague. Mara nyingi utakuta imeziita spika zako za mbele kubwa. Zirudishe kuwa ndogo, na krosova ipandishe kama imewekwa chini mno. Usiishushe chini ya ilipoiweka, kwa sababu huko chini haijarekebisha chochote.

Kama kiwango cha sabufa kimefika mwisho wa chini, mathalani desibeli 12 chini ya sifuri, kitufe cha sauti nyuma ya sabufa kiko juu mno. Kishushe, upime upya. Ukitumia kipima sauti badala yake, sauti ya majaribio ya risiva inalengwa kwenye desibeli 75 kwa kila chaneli, na kipimo kiwe kwenye mkondo wa C, lile chaguo la kipima sauti lisilopunguza sana besi. Mkondo wa A unapunguza hezi 50 kwa desibeli 30 nzima. Ukiutumia kwenye sabufa utaona namba ndogo, utapandisha, na chumba kitakuwa hakikaliki. Simu inafaa kulinganisha spika za kawaida, lakini maiki za simu nyingi hazisikii besi ya chini vizuri. Usiiamini hapo.

Baada ya vipimo, kuipandisha sabufa desibeli 2 au 3 kwa ladha yako si dhambi. Nami napenda hivyo. Zaidi ya hapo huwa najiuliza kama tatizo si mahali.

Chaneli nyingine

Spika ya kati ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote ya filamu, na ndiyo inayoteswa kuliko zote. Inasukumwa ndani ya kabati, ikielekea magoti ya watu. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu, iinue pua kidogo ielekee masikioni. Kisha, kama maneno bado yamefifia, ipandishe yenyewe desibeli 2 kwenye menyu. Wengi wenye malalamiko niliyoanza nayo hupona hapa. Ikiwezekana iwe ya ukoo mmoja na zile za mbele, la sivyo mtu anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia atabadilika sauti njiani.

Za mbele ziwe na umbali kati yao unaokaribiana na umbali wa kila moja kutoka kwako, yaani nyuzi 30 kila upande, na twita, zile koni ndogo za sauti za juu, ziwe kimo cha masikio. Za pembeni kwenye 5.1 hukaa nyuzi 110 hivi, maana yake ubavuni mwako, nyuma kidogo, juu kidogo ya masikio. Watu huzipeleka kwenye ukuta wa nyuma kabisa kwa sababu zinaitwa za nyuma. Ukiweza, zilete ubavuni.

Waya zifuatilie kwa mkono, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa kila spika. Spika moja ya mbele ikigeuzwa, besi inatoweka na mwimbaji anakosa mahali pa kukaa. Hupati sauti ya kuharibika ikakushtua, unapata muziki usio na kitovu, na mtu anaweza kuishi nao miaka. Kisha washa sauti ya majaribio, tembea, usikie kwa sikio kila jina linalotajwa kwenye televisheni linatoka kwenye boksi lake. Nimekuta pembeni kushoto na pembeni kulia zimebadilishana kwenye nyumba ambazo watu walishazoea.

Kuhusu kupiga muziki wa chaneli mbili kwenye spika zote: kwa sherehe, sawa. Kwa kusikiliza, ziache mbili na sabufa.

Mvumo usiokoma wa hezi 50 au 60 hata muziki ukiwa umezimwa mara nyingi unatokana na sabufa na risiva kuchomekwa soketi mbali mbali. Zilete kwenye soketi moja. Usikate wala kuondoa waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, hata fundi akikushauri. Ule ni uhai wako.

Sabufa mbili

Nikiulizwa kama ni bora sabufa moja kubwa au mbili za wastani, nasema mbili, na sababu yangu si nguvu. Moja, hata ukiipata mahali pake, inampendeza aliyekaa kiti kimoja. Todd Welti wa kampuni ya Harman alilichunguza jambo hili na kulitoa mwaka 2002: sabufa mbili katikati ya kuta zinazotazamana hupunguza sana tofauti ya besi kati ya kiti na kiti, nne katikati ya kuta zote nne ni bora zaidi, na kuzidi nne hakuongezi faida ya maana. Kila moja inanyamazisha baadhi ya noti za chumba ambazo nyingine inaziamsha. Ukizibebanisha mbili mahali pamoja unapata sauti kubwa tu, mashimo yanabaki pale pale. Na zifanane, aina moja na ukubwa mmoja, usichanganye yenye tundu la hewa kwenye boksi na isiyo nalo: iliyofungwa hushuka taratibu, desibeli 12 kila masafa yanaposhuka kwa nusu, yenye tundu huporomoka kwa 24, na fezi zao huko chini hazipatani.

Usiku, sauti ikiwa ya chini, besi itaonekana imepotea hata kama umepanga kila kitu. Ni sikio lenyewe. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyoshuka ndivyo sikio linavyopoteza besi kwa kasi kuliko masafa ya kati. Usiende kuongeza sabufa kwa mkono, kwa sababu kesho mchana utasahau kuirudisha. Risiva nyingi zina kitu cha kufidia besi kwa kadiri ya sauti. Kiwashe, pamoja na kile cha usiku kinachobana vishindo na kuinua maneno. Kama sabufa inajizima yenyewe kwa sauti ndogo, itoe kwenye hali ya kujiwasha na uiache imewashwa.

Ukishamaliza, piga picha kurasa zote za menyu na mgongo wa sabufa ukionyesha vitufe vilipo. Mtoto atavizungusha, au umeme utakatika vibaya na risiva isahau. Ukihamisha kochi au kuongeza zulia zito na mapazia, anza tena na ule wimbo wa besi inayopanda noti moja moja.